Mtu wa Kumtembeza Mbwa wa Baba

Mbwa tulikuja naye kutoka Karagwe, Tanzania, juu ya lori, katikati ya magodoro na masufuria, na wakati ule niliona ni jambo la kawaida kabisa. Baba naye aliona hivyo. Dereva alinung'unika kwamba mbwa atamchafulia mizigo, basi, akawasha gari. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1994. Tulikuwa tunarudi nyumbani, Rwanda, Baba baada ya miaka zaidi ya thelathini, mimi kwa mara ya kwanza, maana nilizaliwa huko huko ukimbizini. Hata neno lenyewe, kurudi, lilinikaa vibaya mdomoni. Unarudije mahali ambapo hujawahi kufika?

Baba alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na vivuli tu. Kule Karagwe alikuwa amejitafutia njia yake: alimfunga mbwa kengele ya chuma shingoni, kama wawindaji wa Kinyarwanda wanavyowafunga mbwa wao tangu zamani ili wasiwapoteze vichakani. Asubuhi mbwa alitangulia, kengele ikilia, Baba akifuata mlio na fimbo yake, mpaka kanisani, mpaka kwa rafiki yake wa kunywa naye rubisi, pombe ya ndizi, halafu nyumbani. Hakuna aliyemfundisha yule mbwa. Njia ilikuwa moja na wote wawili walikuwa wameizoea.

Kigali tulifikia Niboye, katika nyumba tuliyoikuta wazi. Ilikuwa ya nani, sikuuliza. Siku hizo hatukuulizana. Mbwa hakujua hata kona moja ya mji ule, na Baba akawa mtu wa kukaa kwenye kiti barazani kuanzia asubuhi hadi jioni, huku mimi nikipiga chapa ofisini mjini.

"Sikurudi nchini kwangu kuja kukaa kwenye kiti," aliniambia. Aliniambia asubuhi, akaniambia nikirudi kazini, akaniambia tukila. Alizaliwa upande wa Masaka, Masaka ya hapa nje ya Kigali, na alitaka kufika kwenye kilima chao kwa miguu yake mwenyewe. Nilimpenda sana baba yangu, lakini kuna siku nilitamani kupiga kelele.

Kwa hiyo nikaamua: nitatafuta mtu anayejua mbwa. Amshike kamba, amtembeze kila siku, amfundishe njia ya kanisani na ya barabarani, amfundishe kutoingia nyua za watu, mpaka Baba aweze kumfuata tena. Nilidhani ni kazi kama kutafuta fundi wa paa. Unauliza majirani wawili watatu, unapata.

Nilianza na mama muuza nyanya pale kwenye kona, mwanamke wa Kigali hapo hapo, ambaye nilinunua kwake kila jioni.

"Mama, unamjua mtu anayejua kutunza mbwa?"

Mikono yake ilisimama. "Mbwa? Kwako iko mbwa?"

"Ndiyo, wa baba yangu."

Akaanza kuzipanga upya nyanya ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Kesho yake nilimsalimia, hakuitikia. Nikasema labda hakusikia. Kesho kutwa yake alinigeuzia mgongo kabisa, mimi nimesimama pale na kikapu changu kama mwombaji.

Kanisani nilimuuliza katekista. Akaniambia, "Dada, achana na hayo mambo," akaenda zake. Mambo gani? Nilibaki nimekodoa macho. Jumapili nilimtembeza mbwa mwenyewe, na ndipo nilipochanganyikiwa kweli kweli. Kina mama waliwanyanyua watoto wao na kuingia ndani. Sasa, hofu ya kuumwa na mbwa naijua, mtu anaruka, anapiga kelele, wengine wanacheka. Hii haikuwa ile. Hawa walikuwa kimya. Mwanamume mmoja alijigeuza akautazama ukuta, akajifunika uso kwa kofia yake, akakaa hivyo mpaka kengele ikapita.

Nilirudi nyumbani nimefura. "Wanatudharau," nilimwambia Baba. "Wanatuona washamba tuliokuja na mbwa wetu wa shamba. Maringo tu!"

"Umesikia mbwa mwingine akibweka tangu tufike?" Baba aliniuliza.

Nilifikiri. Sikuwa nimesikia hata mmoja.

"Labda watu wa Kigali hawafugi," akasema, lakini nilimwona anageuzageuza fimbo mkononi.

Wiki hiyo hiyo askari aligonga geti, mchana kweupe, kijana mpole mwenye Kiswahili cha kijeshi. "Mama, hii mbwa iko na mwenyewe?"

"Yuko naye. Ni baba yangu, yule pale."

"Basi mumufunge. Tukikuta mbwa inatembea bila mutu, tunapiga risasi. Kama mutu anashika kamba, hapana mubaya."

"Mnapiga kwa nini, afande? Amemuuma nani?"

Alitazama viatu vyake. "Ni amri, mama." Akaondoka bila kunieleza, na mimi nikabaki na geti mkononi. Sasa halikuwa tena suala la Baba kuchoka na kiti. Mbwa akiponyoka siku moja tu, anakufa, na Baba hatembei tena. Yote mawili yalikuwa kwenye kamba moja, na mimi ndiye niliyetakiwa kuchagua wa kuishika.

Wa kwanza kuja aliletwa na mfanyakazi mwenzangu. Mzaliwa wa Kampala, Mnyarwanda kama sisi, buti zinang'aa, miwani myeusi, na cheti kilichofungwa ndani ya plastiki chenye mhuri mkubwa. Alikuwa amefundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi. "Madam, usiwe na wasiwasi. Wiki mbili tu, huyu atakuwa askari kuliko askari." Akamkemea mbwa kwa Kiingereza, akamvuta kamba mara mbili, na kabla hata chai haijachemka mbwa alikuwa amelala chini, kidevu juu ya sakafu. Loo, nilifurahi! Nilipiga makofi.

"Anamsikiliza au anamwogopa?" Baba akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Baba, amelala chini. Tofauti iko wapi?"

Wa pili alikuja bila kuletwa na mtu. Alisimama nje ya geti mpaka nilipomwona, mwanamume wa makamo, mwembamba, koti limepigwa pasi lakini limemzidi mwili. Tulizungumza Kinyarwanda, chake kikiwa kizuri, changu cha kuokoteza. Alisema amesikia natafuta mtu wa mbwa. Kabla ya vita kazi yake ilikuwa kuwatembeza na kuwafundisha mbwa wa wageni, ng'ambo ile ya mji, nyumba nne, mbwa kumi na mmoja.

Nikajitia ubosi. "Nani anaweza kukushuhudia?"

"Hakuna, mama. Wote wameondoka."

"Hata barua moja huna?"

"Sina."

Haya, nikasema, mshike basi tuone. Hakumshika. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, na ilibaki huko. Mbwa mwenyewe ndiye aliyemwendea, akamnusa magoti, mkia unatingishika, akasimama ubavuni mwake ametulia. Yule bwana aligeuza uso pembeni. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso, na siku ile kulikuwa na baridi ya mvua.

"Mwite, basi, umpeleke kule."

"Nisamehe. Kumwita siwezi."

Karibu nicheke. Mfundisha mbwa asiyeweza kumwita mbwa! "Unaogopa mbwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

Kila nilivyomtazama ndivyo nilivyozidi kupotea. Mwizi? Wezi wana maneno matamu, huyu hakuwa na neno. Mwendawazimu? Alikuwa mstaarabu mno. Na Baba, kana kwamba sijavurugika vya kutosha, akasema kutoka barazani, "Huyu ndiye."

"Huyu ndiye nini, Baba?"

"Kengele imenyamaza. Mbwa ametulia kwake."

"Baba, macho huna, usinichagulie."

Nililisema hilo, mbele ya mgeni. Naliandika hapa kwa sababu nimelibeba miaka yote hii. Yule bwana aliinamisha kichwa, akaaga, akaenda.

Nikamchukua mwenye cheti. Siku za kwanza mambo yalikwenda sawa: kamba fupi, mwendo wa kijeshi, mbwa kichwa chini. Ila alimvua kengele. Alisema mbwa wa kazi hafungwi kengele, ni mambo ya kizamani. Baba alijaribu kuwafuata asubuhi moja akawapoteza kwenye kona ya kwanza, akarudishwa na katekista akiwa amejikwaa, goti linavuja damu. Nililalamika. "Madam, kila kitu kina hatua zake," nikaambiwa. Mimi nikanyamaza, kwa sababu ya ule mhuri.

Jumamosi moja mchana alitualika kuona kazi yake, kwenye uwanja ulio chini ya kanisa, kando ya shamba la migomba lililoachwa. Nilimshika Baba mkono tukaenda. Kulikuwa na watu barabarani, na yule mama wa nyanya alikuwa pale siku hiyo na beseni lake. Jamaa akainama akaifungua kamba.

"Usimfungue! Nimekwambia kuhusu amri."

"Madam, wewe niamini."

Alitoa amri, mbwa akakaa. Alitoa nyingine, mbwa akaja. Alinigeukia akitabasamu, na wakati huo huo mbwa akachomoka, akaingia migombani, akaanza kufukua. Alifukua kwa miguu yote miwili, udongo unaruka.

Mama wa nyanya alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena. Watu walisimama. Hawakukimbia, walisogea, wote, bila neno, na mmoja akaokota jiwe. Wanajeshi wawili waliokuwa wanapanda kutoka barabara ya chini wakaongeza mwendo, wa mbele akaiteremsha bunduki begani. Mwenye cheti alipiga filimbi, akafoka Kiingereza chake chote, mbwa yuko kwenye shimo lake hana habari. Mwenye cheti wetu akarudi nyuma hatua moja, mbili, akamwambia askari, "Si mbwa wangu."

Baba alikuwa ananivuta mkono, "Kuna nini? Yuko wapi? Bila kengele nitajuaje?" Na mimi mwenyewe sikuelewa kitu. Mbwa anafukua. Mbwa wote hufukua. Kwa nini mtu aokote jiwe?

Ndipo alipotokea katikati ya watu yule mwembamba wa koti kubwa. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Akakiondoa, akaita. Hakuita jina wala amri, ilikuwa sauti ndogo ya ulimi, mara mbili, kisha mara moja. Mbwa akainua kichwa. Akaja moja kwa moja, anakimbia, pua imejaa udongo, akakaa mbele ya miguu yake akimtazama usoni.

Askari aliinua bunduki. Yule mtu aliitazama bunduki, akamtazama mbwa aliyekaa, akaanguka magotini na kumfunika mbwa kwa mwili wake wote. "Ana mtu!" alipiga kelele. "Huyu ana mtu! Ana mtu!"

Askari alisita, akashusha. Nilifika na kamba iliyotupwa chini, fundo likanishinda, ikabidi askari mwenyewe anisaidie kufunga. Mwenye cheti hatukumwona tena, hata siku ile. Yule mwembamba alikuwa bado chini, anatapika.

Tulimpeleka nyumbani. Alikunywa maji, akakaa kwenye kiti cha Baba, Baba akakaa kwenye ngazi. Alizungumza akitazama geti.

"Ninyi mlikuja baadaye, mama. Watu walikuwa wamelala njiani, kwenye mitaro, migombani, na hapakuwa na wa kuwazika. Wenye mbwa walikuwa wameondoka kwa ndege, wakafungua mageti. Mbwa walikuwa na njaa."

Basi. Wala sikuhitaji kuuliza walikula nini. Yule mwanamume na kofia yake, watoto wakinyanyuliwa, mama wa nyanya, ule mji mzima usiobweka. Nilikuwa nimepita katikati ya watu hawa na mbwa wangu, kengele inalia, nikiwaita wenye maringo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Wanajeshi walipouchukua mji, wakaanza kuwapiga risasi," aliendelea. "Wa kwangu waliwashinda. Walikuwa na akili, nilikuwa nimewafundisha vizuri, wakisikia buti wanajificha. Afisa mmoja akaambiwa kwamba kuna mtu aliyekuwa anawatembeza. Akanitafuta. Na mimi nilikubali, mama, sikulazimishwa. Mmoja wao nilikuwa nimemwona kwa macho yangu penye nyumba yangu, na kwangu hakubaki mtu. Nilitaka wafe. Nikasimama barabarani nikawaita, kwa sauti ile uliyoisikia. Wakaja mmoja mmoja, wanakimbia, wanatingisha mikia, walifurahi kuniona. Wakakaa. Niliwafundisha kukaa mpaka niwaambie basi. Sikuwaambia basi."

Mbwa wetu alikuwa amelala miguuni pake. Nilitaka kumwondoa, sikujua kama ni vizuri.

"Wote kumi na mmoja?" Baba aliuliza.

"Kumi. Mmoja hakuja. Yule mkaidi, niliyekwisha kumkatia tamaa, hajawahi kuja akiitwa hata siku moja. Niliita mpaka sauti ikakauka, hakutokea." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Sijui nikueleze vipi, muzehe. Baada ya yale niliyoyaona, huyo mmoja namwombea kwa Mungu awe hai."

Mtu huyu nilimkataa kwa kukosa wa kumshuhudia. Sasa nilikuwa na ushahidi wote duniani na bado nilijiuliza: je, huyu ndiye wa kumpa kamba, au ndiye wa mwisho ambaye ningepaswa kumpa? Mbwa kumi walimwamini.

"Utamfundisha wangu?" Baba akasema.

"Nitamfundisha njia. Kwa sharti moja. Kwa sauti yangu asije. Aje kwako peke yako."

"Sasa huo ni ufundishaji gani?" nilidakia. Nilikuwa bado sijajifunza kunyamaza. "Unamfundishaje mbwa asikutii wewe unayemfundisha?"

"Acha, mwanangu," Baba akasema, na safari hii niliacha.

Kesho yake kengele ilirudi shingoni. Nilipotoka kwenda kazini niliwaona uani: yule bwana kwenye geti, Baba barazani na vipande vya ugali mfukoni, mbwa katikati. Yule bwana aliita kwa ulimi wake. Mbwa alimwendea, hakupata kitu, hata kuguswa hakuguswa. Alipogeuka kwa Baba alipata ugali na kukunwa masikio. Mara ishirini, mara thelathini, kila asubuhi. Baadaye walitoka, yeye ameshika kamba, Baba nyuma ya mlio, njia ya kanisani, njia ya barabarani. Ilifika siku kamba ikahamia mkononi mwa Baba. Mimi nilikwenda ofisini na kupiga chapa nikiwaza mambo haya, nikakosea herufi, nikaanza karatasi upya.

Nilikwenda kwa mama wa nyanya pia. Nilimpigia magoti pale pale kwenye kona, nikamwambia sikujua. Hakuniambia amenisamehe. Alinipimia nyanya, akasema, "Hiyo kengele isitoke. Nikisikia inakuja, naingia ndani mbele ya kuona mbwa." Tangu hapo nilihakikisha haitoki.

Mwaka uliofuata ulipokaribia kwisha, Jumapili moja baada ya misa, tuliomba gari litushushe, yule bwana pamoja nasi, njia panda ya Masaka. Baba alitaka kupanda kilima chao kwa miguu, na alipanda. Nyumba yao haikuwepo, kulikuwa na mtama wa mtu na kijia chembamba kinachopita kando yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Baba aliiacha kamba iburute chini, mbwa akatangulia, kengele ikilia, naye akafuata, fimbo mbele, mgongo umenyooka, anazungumza na mbwa Kinyarwanda cha utoto wake.

Yule bwana alisimama karibu nami. Waliposogea mbali kidogo, aliita. Ile sauti ndogo, mara mbili, kisha mara moja. Nikamshika koti, "Unafanya nini?"

Mbwa hakugeuka. Akaita tena, kwa nguvu, mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye mtama. Kengele iliendelea kwenda, na Baba nyuma yake, wanazidi kupanda.

Nilimtazama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, na alikuwa anacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Umeona, mama?" aliniambia. "Hakuja."